SOMO KWA VIKUNDI: SIKU MOJA NA REDIO

Somo letu safari hii linahusu kitu ambacho karibu kila boma linacho, yaani redio.

Kuna waliotuuliza, "Redio nayo ina somo gani? Si unaiwasha tu?" Ndiyo, kuwasha ni rahisi. Kazi iko katika kusikiliza. Mwanachama mmoja anasikia kwamba serikali imetoa mbolea ya bei nafuu. Mwingine anasikia kwamba itatoa. Wa tatu anasikia kwamba mbunge fulani ameomba itolewe. Wote watatu walisikiliza taarifa ile ile, saa ile ile. Kesho yake asubuhi watu wanapanda matatu mpaka mjini na gunia tupu mkononi, na huko wanakuta karani hana habari yoyote. Nauli ya watu kumi kwenda na kurudi ni pesa nyingi. Kuna vikundi ambavyo pesa hizo ni mchango wa mwezi mzima.

Kwa hivyo tunawaomba mfanye zoezi. Chagueni siku moja ya kazi, na redio moja ya kikundi yenye mawe mapya ama iliyochajiwa vizuri kwa jua. Redio ya simu pia inafaa. Wanachama watatu wapeane zamu ya kusikiliza tangu asubuhi mpaka usiku, wakiwa na daftari moja. Siku ya mkutano daftari hilo liletwe mlizungumzie. Lakini kwanza someni somo hili pamoja. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na mahali Kiswahili kinapokuwa kigumu mfafanuliane kwa Kijaluo, Kikuria, Kisuba ama Kisii.

REDIO HII NI YA NANI?

Tumechagua redio ya umma, yaani KBC, pamoja na Radio Taifa yake ya Kiswahili na Mayienga FM yake ya Kijaluo. Si kwamba redio nyingine ni mbaya. Redio za watu binafsi ni nyingi siku hizi, na za kijamii zipo pia, kama ile ya kisiwa cha Mfangano inayotangaza kwa Kisuba. Lakini redio ya umma ni mali yetu. Iko kwa sheria ya Bunge, na kodi inayoisaidia ni ile unayokatwa ukinunua sabuni ama muda wa simu. Mtu akila kwa pesa zako una haki ya kumwuliza amefanya kazi gani leo.

Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Waafrika walianza kutangaziwa kwa lugha zao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu vijana wengi walikuwa wamepelekwa vitani na jamaa zao walitaka habari. Mwaka 1961 likaundwa shirika la KBC. Mwaka 1964 serikali ikalichukua, likawa Sauti ya Kenya, ile VOK ambayo wazee wetu bado wanaitaja hivyo mpaka leo. Mwaka 1989 sheria mpya ikarudisha jina la KBC.

Hapo kuna mambo matatu ya historia ambayo kila kikundi kinafaa kuyajua.

La kwanza ni la Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri wanajeshi wa anga walioasi waliteka kituo cha VOK Nairobi. Walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya siku kwisha wanajeshi watiifu walikuwa wamekikomboa kituo, na redio ile ile ikatangaza kwamba serikali ingali ipo. Hebu fikirini mtu aliyekuwa Mbita ama Awendo siku hiyo, redio ikiwa ndiyo macho yake pekee. Alisikia sauti anayoijua na kuipenda, sauti ya kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichoanza mwaka 1966. Kumbe mwenye sauti alikuwa ameelekezewa bunduki. Mzee Mbotela alifariki Februari 2025, na watu wengi walimlilia kwa sababu ya kile kipindi cha adabu kuliko mambo ya siku ile. Lakini siku ile inatufundisha kwamba kuizoea sauti si sawa na kujua ni nani anayeituma.

La pili ni la uchaguzi wa vyama vingi. Sheria ya 1989 iliagiza KBC igawe muda kwa haki kati ya misimamo mbalimbali ya siasa. Hata hivyo, katika chaguzi za 1992 na 1997 watazamaji walisema wazi kwamba chama kilichotawala kilipewa muda mwingi zaidi na kutajwa kwa wema zaidi. Sisi huku Nyanza Kusini tulizoea taarifa kuanza na mahali alipokwenda Rais siku hiyo. Viongozi tuliowachagua sisi tuliwasikia mara chache, tena wakikosolewa. Sheria nzuri ilikuwepo kwenye karatasi.

La tatu ni la tarehe 30 Desemba 2007. Siku hiyo matokeo ya urais yalitangazwa na Samuel Kivuitu mbele ya kamera za KBC peke yake, wanahabari wengine wakiwa wameondolewa, na matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Yaliyofuata tunayajua, maana moshi ulionekana hata katika miji yetu. Watu walikosa habari za kuaminika, wakala uvumi. Na tusifikiri kwamba redio ya lugha ya mama ndiyo dawa. Baadhi ya vituo vya lugha za mama vilishutumiwa kwa kuchochea chuki wakati ule. Mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa kule The Hague, na Aprili 2016 majaji wakaisimamisha kesi yake kwa kuwa ushahidi haukutosha. Rwanda nako, redio iliyoitwa RTLM ilitangaza chuki dhidi ya Watutsi mwaka 1993 na 1994 kwa lugha ambayo kila mwananchi aliielewa vizuri sana, na waanzilishi wake wakahukumiwa Arusha mwaka 2003.

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua vinachotangaza, visipendelee upande, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Hiyo ndiyo fimbo ya kupimia. Wakati wa zoezi iwekeni karibu na daftari.

ASUBUHI: TAARIFA YA HABARI

Taarifa ya asubuhi inaanza na vichwa vya habari. Msiandike vichwa. Kichwa ni kama mlango wa duka, hauonyeshi kilichomo ndani wala bei yake. Ngojeni habari yenyewe, na mwandike mambo matatu tu: nani amesema, amesema nini, na ni neno gani la kitendo alilotumia msomaji.

Hilo la tatu ndilo linalotuletea hasara. Maneno ya taarifa yanafanana masikioni lakini hayafanani mfukoni. Ukisikia kaunti "imetenga" pesa za kisima, maana yake pesa zimeandikwa kwenye bajeti. Hakuna jembe lililogusa ardhi. "Imetangaza zabuni" ni kwamba inatafuta mkandarasi. "Imezindua" ni kwamba mkubwa amekata utepe, na mara nyingine kazi inaanza baadaye, mara nyingine haianzi. "Imekamilisha" ndilo neno la kufuata na baiskeli ukaone kwa macho yako. Kuna pia "inatarajiwa", "inadaiwa" na "duru zinasema". Mtu akileta kikundini jambo lenye neno mojawapo kati ya hayo matatu, msipige kura juu yake siku hiyo.

Tofauti ya mswada na sheria pia inawasumbua wengi. Mswada ni pendekezo lililo mbele ya Bunge. Linaweza kubadilishwa, linaweza hata kufa. Mfano ni Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge liliupitisha, na redio zote zikasema umepita. Mtu aliyezima redio hapo angeapa kwamba kodi mpya zimekuwa sheria. Lakini siku hiyo vijana walikuwa wamejaa barabarani, wengine walipoteza maisha, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Haukuwa sheria. Kwa hivyo ukisikia "mswada", uliza umefika wapi: umesomwa, umepitishwa, ama umetiwa sahihi?

Upande wa mapato yetu ni vivyo hivyo. Tuseme taarifa inasema bei ya tani ya miwa imepanda. Mkulima wa Awendo anayepeleka miwa yake kiwanda cha Sony asianze kuagiza mabati. Aulize: kuanzia tarehe gani? Kwa viwanda vyote ama kwa eneo moja? Na ni bei kabla ya kukatwa usafiri na uvunaji, ama baada? Msomaji wa taarifa ana dakika moja tu kwa habari hiyo, hawezi kueleza yote. Hatumlaumu. Kazi ya kuuliza yaliyobaki ni ya kikundi.

HALI YA HEWA

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wengi huondoka redioni wakati huu kwenda kuchukua chai.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa aina mbili ambao redio huusoma. Upo wa siku, unaosema kesho kutakuwa na mvua alasiri katika eneo la Ziwa Victoria. Upo pia wa msimu, unaotolewa kabla ya mvua ndefu za Machi mpaka Mei na kabla ya mvua fupi za Oktoba mpaka Desemba. Huo wa msimu ndio wa kuamulia mbegu, na ndio usioeleweka.

Ukisikia "mvua ya juu ya wastani", wastani maana yake ni kiasi cha kawaida kilichopimwa mahali hapo kwa miaka mingi. Juu ya wastani si kusema itanyesha kila siku. Inaweza kunyesha yote kwa wiki tatu halafu ikakata, na mahindi yakakauka yakiwa na maua. Ndiyo maana utabiri wa msimu husema pia mvua itaanza lini, itakoma lini, na itasambaa vipi. Andikeni hayo matatu, maana ndiyo yenye faida kwa mwenye shamba. Pia wastani wa Kehancha kule juu si wastani wa Sori kando ya ziwa. Utabiri ukisema "eneo la Ziwa", umewafunika wote wawili kwa blanketi moja. Ofisa wa kilimo wa wadi ndiye wa kuulizwa habari za upande wenu hasa.

Halafu kuna swali la nani anausema utabiri. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ilitabiri mvua fupi za juu ya wastani, na El Niño ikatajwa. Mwezi wa Oktoba Rais William Ruto akasema hakutakuwa na El Niño, ila mvua nyingi tu. Novemba mafuriko yalikuja, yakaua watu na kuhamisha wengi, hasa Kaskazini Mashariki na Pwani. Mtu wa kawaida angemfuata nani? Sisi tunasema hivi: utabiri uandikwe kama ulivyotoka kwa wapimaji wenyewe, na maneno ya viongozi yaandikwe ukurasa wa pili. Nyatike ndugu zetu wa kando ya Mto Kuja hawahitaji kuambiwa. Mvua ikinyesha milima ya Kisii, maji huwafikia hata kama kwao jua linawaka. Mtu wa Nyatike asikilize utabiri wa Kisii pamoja na wa kwao.

MCHANA: VIFO, SALAMU NA BIASHARA

Taarifa ya saa saba mchana ndiyo iliyosikilizwa kuliko zote huku kwetu, na sababu tunaijua. Ni matangazo ya vifo. Kabla ya simu za mkononi, mtu akifia Mombasa ama Nairobi, redio ndiyo iliyofikisha habari kwa shangazi kule Gwassi. Watu walinyamaza, mtoto akicheka alikemewa, na majina yalisomwa moja moja: mume wa fulani, baba wa fulani, shemeji wa fulani. Tangazo hulipiwa, na bado familia zilitaka kila jina lisomwe, maana kuachwa nje kwa redio kulileta ugomvi wa miaka. Simu imepunguza jambo hili, haijalimaliza.

Tangazo la kifo limelipiwa na kila mtu anajua limelipiwa. Tatizo ni yale yaliyolipiwa ambayo hayajitambulishi. Mtu anaitwa "daktari", anahojiwa kwa upole nusu saa nzima juu ya kisukari na presha, na mwisho anatoa nambari ya simu na bei ya dawa. Hayo si mazungumzo, ni duka. Mtangazaji anayeuliza maswali analipwa na anayejibu. Alama ya kumtambua ni rahisi: hakuna swali gumu hata moja, na dawa moja inaponya magonjwa saba. Mtu aache dawa alizopewa na hospitali kwa sababu ya kipindi cha namna hiyo? Hapana. Hapa hatubembelezi. Akina mama wa vikundi vya afya mlisimamie hili, kwa sababu wagonjwa wetu wa presha na wale wanaotumia ARV ndio wanaowindwa.

Salamu na muziki hatuna neno nazo. Mtu anapumzika.

Tukumbuke pia kwamba redio hiyo hiyo inaweza kuwa darasa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yaliyotayarishwa na KICD yalipitia Radio Taifa na idhaa ya Kiingereza ya KBC, mpaka shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021. Boma lenye redio moja na watoto wa madarasa manne liliona taabu, lakini watoto waliokaa na daftari kando ya redio walipata kitu.

JIONI: VIPINDI VYA MAZUNGUMZO

Jioni wageni huja studio: ofisa wa kaunti, mbunge, mkulima, mchungaji, wakili. Wananchi hupiga simu. Tunavipenda vipindi hivi, ila tuseme ukweli, wanaopiga simu ni wale wale. Wengi ni wanaume wa mjini wenye muda wa simu na wasio na ng'ombe wa kukama saa hiyo. Saa ya mazungumzo ndiyo saa ya mama kuwasha moto na kuogesha watoto. Halafu inasemwa "wananchi wamesema". Wananchi gani? Katika daftari lenu hesabuni sauti: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wangapi wametoka kijijini. Hiyo hesabu pekee itawapa mjadala wa mkutano mzima.

Kitabu cha Mithali, sura ya 18, mstari wa 17, kinaeleza kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Basi mgeni akiwa peke yake studio bila wa kumhoji, mmesikia nusu ya kesi. Andikeni "nusu" kando ya jina lake.

Kikundi kikitaka kupiga simu, kisipige kwa hasira. Swali liandikwe mapema, liwe moja, liwe fupi. Achaguliwe mama mmoja wa kuliuliza na wengine wamshikie kazi jioni hiyo. Ataje kijiji, ataje wadi, aulize: "Kisima cha zahanati yetu kilitengewa pesa katika bajeti ya mwaka fulani. Kazi itaanza tarehe gani?" Hapo ofisa hawezi kujibu kwa hotuba. Akijibu kwa hotuba, wasikilizaji wote wamemsikia.

Na akitoa ahadi, msiishie kumpigia makofi. Andikeni tarehe, saa, kituo, jina lake na maneno yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua si lazima iwe ya wakili. Inatosha kusema: tarehe hii, kwenye kipindi hiki, ofisa wenu alisema hivi; tunaomba nakala ya bajeti na mkataba wa kazi hiyo. Ipelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hamjapeleka kitu.

Redio yenyewe ikikosea, kwa mfano ikitangaza uongo juu ya kijiji chenu ama ikitukana kabila la watu, malalamiko hupelekwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Nako mtaulizwa tarehe na saa. Mnaona jinsi daftari linavyorudi kila mahali?

JIRANI ZETU WALIVYOFANYA

Mtu anaweza kusema kusikiliza kwa kikundi ni jambo la kuota. Vukeni mpaka pale Isebania muwaulize wazee wa upande wa Tanzania. Mwaka 1973 nchi ile iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 vikundi vilikaa pamoja kusikiliza kipindi cha Redio Tanzania, vikasoma kitabu kidogo, vikajadili, halafu vikatoka kwenda kufanya kazi. Watu wazima karibu milioni mbili walishiriki, na viongozi wa vikundi kama 75,000 walifundishwa kwanza. Masomo yalikuwa ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, yaani magonjwa yale yale ya kando ya ziwa letu. Mamia ya maelfu ya vyoo yalichimbwa. Mwaka 1975 wakafanya nyingine, Chakula ni Uhai.

Tukiangalia vizuri, redio haikuchimba choo hata kimoja. Kipindi kilikuwa kifupi, na saa iliyobaki ilikuwa ya watu kuulizana: hapa kwetu maji yaliyotuama yako wapi? Nani atafukia? Lini? Kanada nako, kati ya 1941 na 1965, wakulima majirani walikutana Jumatatu usiku katika nyumba ya mmoja wao kusikiliza kipindi cha redio ya umma ya nchi yao. Walijadili, wakaandika maoni yao, wakayatuma, na redio ikayatangaza tena. Hilo la mwisho ndilo tunalolipenda zaidi. Mkulima aliyezoea kusikiliza tu alisikia jibu lake mwenyewe likirudi hewani.

Hata Biblia inawasifu watu wa Beroya, Matendo ya Mitume 17:11, kwa kuwa walimsikiliza Paulo kwa moyo halafu kila siku wakachunguza kama aliyosema ni kweli. Kama Paulo alichunguzwa, mtangazaji wa saa saba atachunguzwa vilevile.

KAZI YA KIKUNDI

Daftari lipigwe mistari miwili kila ukurasa ili kuwe na sehemu tatu: saa na kipindi; nani alisema nini; tutafanya nini. Sehemu ya tatu iachwe tupu mpaka siku ya mkutano, kwa sababu ni ya wote, si ya mwandishi. Msikilizaji mmoja akiandika jambo na mwenzake akakumbuka tofauti, andikeni yote mawili na msikilize marudio ya habari hiyo jioni. Mkiwa karibu na mpaka mnanasa pia redio za Tanzania. Habari ikiwa ya bei ya mahindi ama ya samaki, linganisheni.

Maswali ya kuanzia ni haya, na mnaweza kuongeza yenu:

Katika siku nzima, Migori na Homa Bay zilitajwa mara ngapi? Zilitajwa kwa ajali na siasa, ama kwa kazi ya watu?

Ni jambo gani moja ambalo kikundi kinaweza kulifuata wiki hii, na nani atakwenda?

Kulikuwa na sauti gani mliyoitarajia na haikusikika?

Kipindi gani kilikuwa duka lililovaa nguo za mazungumzo? Mlijuaje?

Mkimaliza, kila kikundi kiandike barua moja, ukurasa mmoja unatosha, ya kueleza ni kipindi gani kiliwafaa na ni jambo gani la kwenu mngetaka redio ya umma ilizungumzie. Iandikeni kwa lugha yoyote. Mpeni mhudumu wa maendeleo wa eneo lenu kabla ya mkutano wa parokia wa mwezi ujao. Tutazikusanya zote pamoja na kuzipeleka kituoni, na majibu tutakayopata tutayachapisha hapa hapa, hata yakiwa ya kutukataa.